Jodari wa Reino, Bila Mayonezi

Uniontown,
Astoria, Oregon.
Jumapili, 18 Mei 1997

Mpendwa wifi yangu Aune,

Hujambo, wifi? Na Waino naye hajambo? Magoti yanasemaje baada ya baridi ya huko kwenu Michigan, maana nasikia safari hii theluji iliwakalia mpaka mkaichoka? Nauliza kwa moyo, na unijibu ukweli. Usinipe yale majibu yako ya "tupo tu, tunasukuma siku." Mimi mwili wangu mzima, namshukuru Mungu. Mvua inanyesha tangu juzi, mto hauonekani hata kidogo, ni honi za meli tu tunazozisikia kutoka huko chini.

Soksi zimefika. Asante sana kwa mkono wako, wifi, zimefumwa vizuri kama zile ulizokuwa ukimfumia Reino akiwa kijana. Amezivaa siku ile ile. Zinampwaya.

Basi nianzie hapo hapo, kwa sababu nimekaa na kalamu hii tangu tulipotoka kanisani na nikiendelea kukuzungusha na habari za mvua nitaishia kulala bila kusema kitu. Reino anakudanganya. Kila unapompigia simu anakwambia anaendelea vizuri, anatembea mpaka kwenye kona ya barabara, anakula anamaliza. Mimi nipo pembeni naosha vyombo, nasikia yote, na nanyamaza kwa kuwa simu iko mikononi mwake. Na wewe na masikio yako hayo, unasikia nusu, na nusu yenyewe ni uongo. Ndiyo maana nimeona niandike.

Ndugu yako hali chakula, Aune. Amekonda kama ng'onda. Tangu walipomfungua kifua mwezi wa pili mpaka leo, suruali zake zote nimezipunguza kiunoni, na nilizozipunguza nimezipunguza tena. Mshono umepona vizuri, moyo unapiga sawasawa, daktari kila akimpima anafurahi kama fundi aliyemaliza nyumba yake. Lakini mwenye nyumba ndiyo hayumo. Anakaa kwenye kiti chake cha dirishani, anatazama ukungu, ukimwita anaitika kwa adabu. Adabu! Reino! Mtu aliyekuwa akinijibu "nini tena?" tangu tulipooana.

Daktari amesema waziwazi mbele yangu kwamba akiendelea kupungua hivi, watamrudisha hospitali na kumlisha kwa mpira wa puani. Reino akamwambia, bila kupandisha sauti, kwamba mpira huo hautaki na mtu yeyote asithubutu kumwekea. Daktari akanitazama mimi. Mimi nikatazama viatu vyangu.

Sasa utaniuliza, hali kwa nini? Mimi nilijua kwa nini, au nilidhani najua. Ni mayonezi.

Unamfahamu, mmekua naye. Sandwichi ya jodari ndiyo chakula chake cha mchana tangu alipokuwa fundi wa mitambo kule kiwanda cha samaki, na mkono wake kwenye mayonezi ulikuwa mzito mno: kijiko cha samaki, vijiko viwili vya mayonezi, halafu anaongeza nyingine kwenye mkate "ili isikwame." Siku aliyotoka hospitali, yule binti wa lishe alikaa nasi akatueleza vya kuacha. Siagi, akaitikia. Soseji, akaitikia. Alipofika kwenye mayonezi, Reino akamkatiza. "Binti yangu, hata Ijumaa?" Binti akacheka akidhani ni utani. Reino hakucheka, na mimi pia sikucheka, kwa kuwa nilimjua.

Tulipofika nyumbani nikatoa kopo la mayonezi kwenye friji nikampelekea Wendell. Huyu ni jirani yetu wa mkono wa kulia, yule mgane aliyemzika mkewe mwaka juzi, utamkumbuka kwa kucheka kwake. Wendell anakula chochote kisichomkimbia.

Kisha nikaanza kuhangaika. Wifi, mimi sijawahi kuhangaika na mkate na samaki namna ile. Nilianza na mtindi, kwa kuwa yule binti wa lishe aliusifu. Reino akafunua mkate, akachungulia, akaniuliza, "Mama Marit, hii ni ya kula au ya kupaka kwenye kidonda?" Nikamwambia kula, mzee, utazoea. Akang'ata mara moja, akaweka chini, akasema asante, nimeshiba.

Marit akaja kutoka Spokane na mfuko wa maparachichi. Unamjua mwanangu, akisoma kitu gazetini basi lazima sote tukifuate. Akaponda parachichi, akachanganya na samaki, akaweka na chumvi chembe na kitunguu. Mimi niliipenda, sitasema uongo. Reino akaitazama ile rangi ya kijani. "Mwanangu," akasema, "kiwandani samaki akifika na rangi hii tulikuwa tunamwita mkaguzi." Marit akacheka mpaka akalia, kisha akaenda kwenye gari akalia bila kucheka. Sandwichi ikabaki mezani. Asante, nimeshiba.

Nikajaribu maharage meupe yaliyopondwa. Nikajaribu jibini laini ile isiyo na mafuta. Nikajaribu kumwambia uongo kwamba ni mayonezi ya aina mpya. Kila mara ni tonge moja, sahani inasukumwa polepole, asante, nimeshiba. Hiyo asante ndiyo iliyokuwa inanimaliza. Miaka yote ya ndoa yetu Reino hajawahi kunishukuru kwa sandwichi hata siku moja. Alikuwa akila, anafuta mdomo, anauliza, "Ipo nyingine?" Hiyo ndiyo ilikuwa shukrani, na nilikuwa naielewa.

Sasa nikueleze ujinga wangu, na ukitaka kunicheka nicheke. Wewe unajua jodari tunayemla ni wa kwetu wenyewe. Ulisimama jikoni mwetu Septemba, ule mwaka Waino alipojikata kidole gumba. Unajua Reino anavyoshuka gatini mwenyewe kuchagua samaki kwenye mashua, anavyowakata, anavyowapanga wabichi kwenye chupa, chumvi kidogo tu juu, hakuna maji, hakuna mafuta, kisha sufuria kubwa la presha linafanya kazi yake. Mimi naosha chupa na kufuta midomo yake. Kupanga hanipi. "Ukipanga wewe zinabaki na mianya ya hewa," anasema. Na ni kweli, zinabaki.

Basi karatasi ya yule binti wa lishe iliandikwa: mwaga majimaji yote yaliyomo kwenye kopo, suuza samaki kwa maji safi. Nami nikamwaga na nikasuuza. Nikamkamua kwa mkono kama nakamua nguo! Mimi, Verna, mwanamke wa pwani hii, niliyefungua chupa hizo tangu nilipoingia kwenye ukoo wenu, ninayejua fika kwamba yale maji ya dhahabu ndani ya chupa ni mafuta ya samaki mwenyewe na ndiyo utamu wake wote, kwamba mama yenu alikuwa akiyachovya kwa mkate na kutugombeza tukiyagusa. Nilijua, wifi. Lakini hofu inamtoa mtu akili. Nilikuwa nimesimama jikoni na ile karatasi naogopa kumuua mume wangu kwa kijiko, nikafuata neno kwa neno. Mafuta nikampa paka. Samaki aliyebaki alikuwa kama vumbi la mbao, kisha namtupia mtindi juu nikitegemea miujiza.

Aliyegundua ni Reino mwenyewe. Ilikuwa Jumatano. Wendell alikuwa mezani na kahawa yake, na mimi nimeinama kwenye sinki na chupa mkononi. Reino akaingia kuchukua vidonge vyake, akasimama.

"Unamwaga nini?"

"Majimaji ya samaki. Wamesema yamwagwe."

"Nani kasema?"

"Hospitali."

"Hospitali imekuja gatini na mimi lini?" Wifi, alipiga kelele! "Yale ni mafuta yake mwenyewe! Mimi nachagua samaki mnono, nabeba, nakata, nafunga, na wewe unamlisha paka? Tangu lini? Tangu mwezi wa pili?"

Wendell akamtazama paka aliyelala chini ya jiko, tumbo limetandazika pande zote mbili. "Shemeji," akaniambia, "kumbe ndiyo hayo. Mimi nilidhani ana mimba nikaona aibu kuuliza."

Nilicheka, Aune, na machozi yalinitoka. Nilikuwa nimegombezwa! Tangu operesheni hakuwa amenigombeza. Nilitaka kumkumbatia shingoni hapo hapo akiwa bado anafoka.

Nikampigia simu binti wa lishe siku ile ile. Maskini, alishtuka. Akasema, mama, ile karatasi ni ya makopo ya dukani yaliyojazwa mafuta mengine, mafuta ya samaki mwenyewe hayana ubaya kwa moyo, yanafaa, mwache ayale. Hana kosa hata chembe. Sikuwa nimemwambia kwamba tunajifungia wenyewe, na yeye ni mtoto wa mjini, angejuaje?

Basi nikatengeneza upya, na hii nakuandikia na wewe uifanye, kwa kuwa Waino naye ana tumbo lake. Fungua chupa na usimwage kitu. Mimina samaki kwenye bakuli na maji yake yote, mwache ayanywe huku unamvunja kwa uma, lakini usimsage, abaki na vipande vya kutafuna. Kamulia limau, nusu inatosha. Haradali ile kali, kijiko kidogo. Katakata selari ndogo ndogo iwe inalia mdomoni, kitunguu cha majani, na nusu ya tufaha chachu lililokatwa hivyo hivyo, hilo nilibuni mwenyewe na sijuti. Pilipili manga. Chumvi usiongeze, imo tayari. Iache itulie kidogo ili maji yaingie ndani, kisha weka kwenye mkate mweusi uliochomwa, siyo mkate laini, utalowana. Mayonezi hutaikumbuka. Nakuapia, hutaikumbuka kabisa. Wendell alikula moja, akala ya pili, akaanza kuchungulia bakuli, na hakuuliza mayonezi iko wapi.

Nikamwekea Reino. Nilikuwa nimevaa hata aproni yangu nzuri, kama mjinga. Akainusa. Nikaona koo lake likipanda na kushuka, yaani mate yalimjaa, aliitaka, wifi, nimemwona kwa macho yangu akiitaka. Akainyanyua. Kisha akanyoosha mkono na kuiweka kwenye sahani yangu.

"Kula wewe," akasema.

Nikamwambia, mzee, zipo nyingine, nimekutengenezea wewe. Akatikisa kichwa. "Nimeshiba. Asante."

Niliingia bafuni nikafungua maji ili wasinisikie. Mpaka siku ile nilikuwa na mayonezi ya kulaumu. Nilijiambia kila siku, nikipata tu ladha anayoipenda, atakula. Sasa ladha nimeipata, mate yamemtoka, na bado hakula. Nikajua kwamba tatizo halimo kwenye sahani kabisa, na kama halimo kwenye sahani mimi sina mahali pengine pa kulitafuta, kwa sababu maisha yangu yote na ndugu yako nimempenda kupitia sahani. Sijui njia nyingine. Hatukufundishwa nyingine.

Jana ndipo nilipojua. Nilishuka chumba cha chini kuchukua chupa, nikamkuta huko, ameketi juu ya kreti mbele ya rafu. Ameshuka zile ngazi peke yake, wakati daktari kamkataza. Ana kitambaa mkononi, anafuta chupa moja moja na kuzirudisha, za zamani mbele, za mwaka jana nyuma. Nikamwuliza anafanya nini.

"Napanga," akasema. "Ukila polepole zitakufikisha mwakani. Usigawe ovyo, hasa kwa Wendell."

"Zitanifikisha mimi? Na wewe?"

Akaendelea kufuta. "Mama Marit, tusitaniane. Baba alikwenda kwa ugonjwa wa moyo akiwa na umri huu. Kaka yangu Eino akamfuata akiwa na umri huu. Wanaume wa kwetu hatuvuki hapa. Hawa waliokata kifua wamefanya kazi nzuri, siwalaumu, lakini wameziba bomba kwenye nyumba iliyokwisha. Sasa kwa nini nikupotezee samaki? Kufunga hujui. Zikiisha hizi, zimeisha."

Ndivyo alivyosema, wifi, nakuandikia kama alivyosema. Alisema kwa upole, kama mtu anayekuelekeza swichi ya taa ilipo. Kumbe kila sandwichi niliyomwekea mbele yake tangu mwezi wa pili alikuwa anaiona kama imetolewa kinywani mwangu. Ile "kula wewe" ilikuwa anamaanisha. Anajinyima, ananiwekea akiba. Anamlisha mjane wake wakati mimi bado ni mke wake!

Nisikufiche, nilipandwa na kitu. Nilimwinua kwanza kwa mkono kutoka juu ya kreti, nikaichukua, nikaanza kujaza chupa. Nikapanda ngazi. Nikashuka. Nikapanda. Akaniita kutoka chini, "Mama Marit, umeingiwa na nini?" Nilipomaliza rafu nilisimama mezani na kifungulio nikafungua ya kwanza, na ya pili, na ya tatu, vifuniko vinalia tap, tap, nikawa siwezi kuacha. Nilifungua zote. Zote, Aune. Bakuli zilipojaa nikatia kwenye beseni la kupikia jamu, lilipojaa nikatia kwenye lile la kuogea watoto. Ndugu yako alipofika juu, anahema, ameshika mlango, nilikuwa nalia kwa sauti kama mtoto.

"Haya!" nikamwambia. "Nitakula nini mwakani? Niambie! Septemba nani atashuka gatini? Nani atanipangia? Mimi najua kuacha mianya ya hewa tu! Sema sasa, nani?"

Alikuwa mweupe kama karatasi na nikaogopa nimemuua. Wendell alisikia kelele akaja mbio bila viatu, akaona mabeseni, akaona sura zetu, na kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu hakufanya mzaha. Akauliza tu, "Nilete mikate mingapi?" Nikamwambia yote iliyopo dukani.

Samaki akishafunguliwa hangoji, unajua. Kwa hiyo tulikata selari na matufaha na kukamua malimau mpaka vidole vikachoma, tukatengeneza sandwichi, tukazifunga, Wendell akapeleka nyumba zote za mtaa huu, na zilizobaki tumezipeleka leo kanisani kwa ajili ya kahawa baada ya ibada. Tulipoingia na matrei, wanawake wa jikoni wakaacha walichokuwa wakifanya. Ingrid, mmoja wao, akaniwekea mkono begani akanong'ona, "Verna, nani amekufa?" Si unajua kwetu sandwichi nyingi namna hiyo zinaletwa kwa ajili ya nini. Wakaanza kumtafuta Reino kwa macho nyuma yangu. Nikawaambia, hakuna aliyekufa. Nikataka kuongeza neno "bado" nikalimeza. Wakala, wakasifu, wakaniuliza mayonezi gani hii nyepesi namna hii.

Utataka kujua kama amekula. Jana jioni, vyombo vilipokwisha kuoshwa, alikaa mezani na kuyatazama mabeseni matupu kwa muda mrefu. Kisha akachukua moja kati ya zilizobaki akaila. Nusu. Alitafuna polepole, machozi yanamshuka mpaka kidevuni na hakuyafuta. Mimi niligeukia ukutani nisimwaibishe. Alipofika nusu akaiweka, akasema, "Limau limezidi." Hakusema asante, na nilishikilia hilo usiku kucha kama mtu anayeshika kamba.

Lakini leo asubuhi amekunywa kahawa tu. Nimemwuliza kuhusu Septemba, nimemwuliza polepole, kama atashuka gatini. Amenijibu hajaniahidi kitu, na kwamba nilichofanya ni kufuru ya chakula, na kwamba baba yake angenipiga. Kisha akarudi kwenye kiti chake cha dirishani. Nimebembeleza, nimefoka, nimenyamaza, nimepika. Sina jingine. Maji yamenifika shingoni, wifi, na mtu wa kunivuta ni wewe peke yako.

Njoo. Najua safari ni ndefu, najua magoti, najua Waino hapendi kuachwa. Njoo hivyo hivyo. Wewe ni dada yake mkubwa, ulimbeba mgongoni, uliwazika baba na Eino ukiwa umesimama kwa miguu yako, na damu yako ni ile ile iliyo kwenye moyo wake. Mimi nikimwambia utaishi ananiona mke anayelia. Wewe mwambie. Au usimwambie kitu, kaa tu mbele yake mezani ule, umalize, uombe nyingine, akuone. Pengine mtu wa kwao ndiye atakayemwamini. Ukiniambia unakuja nitashuka stendi kukupokea hata iwe saa ngapi. Na kwenye simu Jumapili ijayo usimwambie nimekuandikia, atanuna na kisingizio cha kutokula kitaongezeka.

Kabla ya kukaa kuandika nilishuka chini kuzima taa tuliyoisahau jana. Rafu yote imebaki mbao tu, na duara za vumbi pale chupa zilipokuwa. Nikasimama pale nikaelewa nilichokifanya. Nimecheza kamari na kila nilichokuwa nacho ili apate sababu ya kubaki. Akibaki, sawa, atanisema mpaka nizeeke na nitafurahi kusemwa. Lakini kama Septemba itafika bila yeye, Aune, nitaishi bila hata chupa moja iliyopangwa kwa mkono wake. Wanawake wa kanisani wamemla samaki wake na kahawa, na hawakujua walichokuwa wakila.

Nisalimie Waino sana, mwambie pole na mgongo. Wasalimie mwanao Helmi na mumewe, na yule mdogo wao aliyeanza kusimama, mbusu mashavu yote mawili kwa niaba ya babu yake mkaidi. Marit anakusalimu, na Wendell pia ingawa hamjaonana tangu mazishi ya mkewe. Mungu akulinde barabarani ukiamua kuja, na akulinde nyumbani ukishindwa, wala sitakulaumu.

Wako akupendaye kwa moyo uliochoka,
wifi yako,

Verna